Mkono Uliotia Oili

Taa ya injini iliwaka tena kabla Abdulqadir hajafika hata njia panda ya mji wa Hindi. Akaligeuza gari kwa hasira, akarudi nalo Mokowe likitoa moshi wa buluu, akalisimamisha mbele ya gereji ya Hudson na kupiga honi mpaka fundi huyo akatoka chini ya lori.

"Umenifanya mjinga wako," alimwambia. "Kila nikivuka, taa. Unaizima leo ili nikuletee tena kesho."

Hudson alikuwa mtu wa bara, hana subira na matusi. Alimjibu ampelekee fundi mwingine. Wote wawili walijua kwamba mafundi wengine Abdulqadir alishagombana nao.

Ndivyo alivyokuwa. Aligombana hata na mwenye pampu ya Hindi, akadai mbele ya wateja kwamba petroli yake ina maji, na tangu hapo alikuwa akivuka na dumu lake mwenyewe kutoka kisiwani Amu. Na ndugu yake, Abdulhalim, walikuwa hawaamkiani tangu baba yao alipofariki na mali ikagawanywa. Abdulqadir alichukua gari, Abdulhalim akachukua boti, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyepata kilicho bora. Gari lililala Mokowe, ng'ambo ya bara, kwani Amu hakuna njia ya gari. Boti nayo ilifungwa hapo hapo Mokowe, gatini. Na ufunguo wa pili wa gari Abdulhalim hakuurudisha.

Hudson alichomeka mashine yake ya kupimia. Ikasema kama ilivyosema mara zote: moshi mchafu. Akafungua plagi, akazikuta nyeusi, zimelowa mafuta. Akachomoa kijiti cha oili. Oili ya injini haikupungua hata kidogo.

"Basi haitoki ndani ya injini," alisema.

Akavuta petroli kidogo kutoka kwenye tangi kwa mpira, akaidondosha juu ya kipande cha gazeti, akakianika juani. Petroli ikakauka. Doa la mafuta likabaki.

"Hii ni petroli ya boti. Imechanganywa na oili. Injini za boti zinakunywa hivyo, gari hapana. Ukiendelea nayo utaiua injini."

Abdulqadir alihisi kitu kilichokaribiana na furaha.

"Tangi nalijaza mwenyewe," alisema, "kwa mkono wangu huu. Haligusi mtu."

"Haligusi mtu ukiwapo. Usipokuwapo sijui. Mimi si askari wako."

Abdulqadir alishuka gatini moja kwa moja. Abdulhalim alikuwa ndani ya boti yake, akiwapangia abiria mizigo. Abdulqadir alimsimamia juu ya ngazi, akamwita hasidi, akamwita mwizi, akamwambia mbele ya watu kwamba urithi wa boti haukumtosha mpaka aliue na gari la marehemu. Abdulhalim hakuinuka.

"Ufunguo wako niliutupa baharini siku tulipoondoa matanga ya baba," alisema. "Gari lako sikulitazama, seuze kuligusa."

"Hayo utayasema kwenye halbadiri."

Abiria wakageuka kumtazama. Halbadiri ni kisomo cha kumwapiza mwovu asiyejulikana, na Amu wako watu wanaoonyeshwa kwa siri, aliyepooza na aliyepofuka, ikasemwa kwamba kiliwapata.

"Kasome," alisema Abdulhalim. "Nami nitakuja kuitikia."

Mama yao, Bi Radhiya, alimlilia Abdulqadir aache. "Hiyo si ndia ya kupita, mwanangu," alimwambia. "Yeyote atakayeanguka, ni mimi nitakayezika." Abdulqadir hakumsikia. Maalim Idarus, aliyeombwa akisome, naye alimuuliza, na kumrudia kumuuliza, kama hana shaka, kwa sababu kisomo kikishatoka hakirudishwi, wala hakijui nani ndugu, nani jirani. Abdulqadir akasema ndivyo anavyotaka. Asitajwe mtu kwa jina. Uapizwe mkono uliotia oili katika tangi la gari lake, ukauke mpaka begani, na mwenye nao asiuone mwaka mwingine.

Kilisomwa Ijumaa baada ya Alasiri, chetezo kikifuka ubani katikati ya ukumbi. Abdulhalim alikaa safu ya mbele, viganja wazi, na amin yake ilikuwa kubwa kuliko za wote. Abdulqadir alimwangalia vidole, akingoja vitetemeke. Havikutetemeka. Mnafiki mkubwa, aliwaza, naye akaitikia kwa nguvu zaidi, mpaka sauti ikamkauka.

Alitoka pale mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Hudson alikuwa ameshaliosha tangi na kutia plagi mpya. Kesho angevuka, atie petroli, aende zake shamba bila ya taa kumkodolea macho. Akapitia gati ya Amu kwa Jeilani, ambaye ndiye anayewauzia mafuta wenye maboti wa Amu, kuchukua dumu alilokuwa amemwachia asubuhi.

"Tayari, Bwana Abdulqadir," alisema Jeilani, akilifuta dumu kwa tambara. "Nishakutilia na oili yake ya boti, kama siku zote."

Mkono wa kulia wa Abdulqadir ulikuwa umeshashika mshikio.