Doti ya Mwoshaji

Mwanamke wa gwanda jeupe aliingia nyumbani kwa Mzee Hamdani bila hodi, bila shikamoo, akapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma alimolala maiti. Watu waliokaa nje ya kamba ya kuzuia watu wakatazamana. Haya, msiba ni wa homa, lakini adabu nayo imekufa?

"Ndio hao," alisema shangazi Havijawa, dada wa Mzee Hamdani. "Wanaingia kwa watu kama wanaingia zizini."

Homa yenyewe Ujiji nzima ilikuwa imeshaijua. Inaanza kama malaria: kichwa, viungo, kutapika. Halafu damu inatoka kwenye fizi na puani, na mtu anakwisha. Bi Mwanvua, mke wa mzee, aliipata kwa kumuuguza jirani, kumfuta jasho na kumfulia mashuka. Hakuna aliyemtuma. Ndivyo alivyokuwa, kila mgonjwa wa mtaa alikuwa wake. Alifariki alfajiri, na tangu alfajiri mumewe alikuwa na neno moja tu: mke wangu ataoshwa.

"Kwa maji haitawezekana, mzee," Elikana, kiongozi wa kikosi cha maziko, alimwambia kwa upole. "Ugonjwa huu hauruki hewani. Unashika kwa damu, jasho na matapishi, na mtu akishafariki ndiyo unakuwa mkali zaidi. Yule jirani yenu alioshwa. Waliomwosha wako wapi leo?"

Mzee Hamdani alijua wote walikozikwa.

"Basi asiguswe na mwanamume," akasema baadaye.

"Ndiyo maana tumekuja na mwanamke."

Si kwamba mzee alikuwa amewapenda ghafla. Tangu magwanda yale yaonekane mjini, yeye ndiye aliyewatukana kuliko wote. Aliwahi kutangaza barazani, watu wakisikia, kwamba mtu wa damu yake atakayeyavaa asikanyage kwake tena. Lakini leo alikuwa hoi, na aliyekuwa akimngoja hakutokea.

Aliyengojwa ni Zuwena, binti yao wa pekee. Anakaa Katubuka, anauza katika duka la dawa, na kutoka kule hadi Ujiji ni mwendo wa bajaji tu. Mama akifariki, binti ndiye anayeshika kata na kummiminia maji ya mwisho. Hilo halihitaji kufundishwa. Mzee alikuwa amepakata doti mpya ya kanga tangu asubuhi, akimwekea, maana huko kwao mwoshaji haondoki mikono mitupu. Kanga yenyewe marehemu alikuwa amemnunulia binti huyo huyo, ya Idi. Simu ya Zuwena iliita hadi ikakatika, ikapigwa tena, ikaita hadi ikakatika.

"Ameogopa," shangazi alisema. "Kunyonya hakuogopa."

Roho ilikuwa inamuuma mzee kuliko alivyotaka watu waone.

Mfuko mweupe wenye maiti ukaletwa uani, ukalazwa juu ya mkeka. Mwanamke wa gwanda akapiga magoti kando yake, akauweka sawa kama anamweka sawa mtu aliyelala. Kisha akafanya jambo ambalo mzee hakulitarajia. Alipiga viganja vyake vya glovu juu ya mchanga safi, akavipitisha juu ya mfuko, pale penye uso, halafu penye mikono. Alimtayamamisha Bi Mwanvua kama sheria inavyotaka maji yanapokosekana. Alipomaliza hakunyanyuka. Elikana alimwita, akamwita tena, akimwonya kwamba joto la gwanda litamwangusha.

"Huyu ni Mwislamu," mzee alisema, na machozi yaliyogoma tangu alfajiri yakamtoka. Hata shangazi Havijawa akavuta mtandio akafunika uso.

Dua ikasomwa kwa mbali. Wanaume wa kikosi wakaubeba mfuko kuupeleka kwenye gari. Mzee Hamdani akainuka, akasogea hadi kwenye kamba, akaiweka ile doti ya kanga chini, upande wa pili.

"Mwanangu, mimi sikujui," alimwambia mwanamke yule. "Umeingia kwangu hata salamu hukunipa, na sikulaumu tena. Umemfanyia mke wangu lililomshinda mtoto wa tumbo lake. Kanga hii ilikuwa ya binti yangu, sasa ni yako. Na radhi zangu zote chukua wewe. Zuwena sina la kumpa. Akija, atakuta mlango umefungwa."

Mwanamke alitikisa kichwa. Hakuigusa kanga.

Mzee akashusha pumzi. Alikuwa amesema lililomkaa moyoni siku nzima, na halikumpa nafuu yoyote. Akageuka taratibu kulitazama gari.

Makaburini wangekwenda wanaume, kwa hiyo Elikana akaanza kumpulizia mwanamke yule klorini pale pale uani, kuanzia kichwani hadi kwenye buti. Aproni ikatoka. Zikafuata glovu za juu, kisha gwanda, kisha miwani iliyojaa mvuke. Kila kitu kikatumbukizwa kwenye pipa.

Barakoa ndiyo iliyotoka mwisho.

"Shikamoo, baba," alisema Zuwena kutoka ng'ambo ya kamba.