Udi Chini ya Boneti

Eda ya Salha iliisha juzi, na leo shemeji yake kaleta mnunuzi wa gari la marehemu.

"Kiyoyozi kimekufa, shemeji. Tuuze."

"Maiti hapumui. Hiki kinapumua, ila kinapulizia kioo badala ya watu."

Majirani wakacheka. Salha akawasha injini na kiyoyozi, akafungua boneti, akapitisha chetezo cha udi kando ya mipira myembamba ambayo injini huvutia hewa ili kugeuza upepo wa kiyoyozi utoke kiooni uelekee kwa watu. Moshi ulipanda taratibu, kisha ukapinda ghafla na kunyonywa kwenye ufa.

"Mwanamke na boneti," shemeji akanung'unika.

"Jumamosi nabeba maharusi. Wewe panda daladala."

Akauziba ufa kwa kidole. Ndani ya gari, ushungi wa jirani aliyekaa mbele ukaanza kupepea.