Radhi ya Nungunungu

Waliporudi kutoka kuzuru chemchemi takatifu, Ngiri, Kanga na Nungunungu walifika njia panda. Hapo, kwa desturi ya mahujaji, kila mmoja huwaomba wenzake radhi kabla ya kuagana.

“Dada Kanga, nisamehe,” alianza Ngiri. “Nilikukoromea safari nzima.”

“Nami nilikudonoa sikio, kaka, ukazidi kukoroma! Nisamehe.”

Wakacheka, wakakumbatiana, wakalia.

Nungunungu alingoja zamu yake kwa fahari. Tangu walipoondoka alitembea nyuma na kulala mbali, miiba yake isimguse yeyote.

“Nawe, ndugu yetu…” Kanga alimtazama Ngiri, naye Ngiri akatazama chini. “Hukutukosea lolote.”

“Wala ninyi hamkunikosea.”

“Basi, safari njema.”

Kila mmoja akashika njia yake, Kanga na Ngiri wakiitana na kutaniana kwa mbali.

“Ngojeni!” Nungunungu akapaza sauti. “Nami nina kosa!”

“Kosa gani?”

Akafikiri, akafikiri, asilipate. Sauti zao zikapotea.

Alipofika shimoni kwake, ambako hakukuwa na wa kuchomwa na miiba yake, alijikunyata ukutani, akawaachia nafasi wenzake wasiokuwapo.