Wimbo wa Dianora

Baccio aliiacha sufu ikichemka kwenye pipa la rangi, akatoka mbio na mikono yake ya buluu. Mkewe, Dianora, alikuwa ameshapinda kona ya kuelekea kanisani.

Tangu Kwaresima ianze, Baccio hakuwa na raha. Dianora anakonda. Mkate anaumega, hali. Usiku anageukia ukutani. Gauni lake jekundu la arusi, lenye vifungo vya fedha, alimpa binti wa jirani, hivihivi tu. Na kila akikanda unga huimba wimbo uleule ambao vijana wa mji wao wa Firenze huwaimbia wanawake madirishani: wewe uliyeuunguza moyo wangu, simtaki mwingine.

"Mashairi yote yanasema hivyo," jirani yao, Mona Piera, alikuwa amemwambia asubuhi ile huku akikung'uta blanketi dirishani. "Aliyependa hali, halali, anapauka kama mshumaa. Ulipomuoa wewe, alipauka?"

"Alinenepa."

"Haya. Pole, jirani."

Ndiyo maana Baccio aliusukuma mlango wa kanisa kwa bega, mkononi kashika mti wa kukorogea rangi. Amkute huyo kijana, amvunje mbavu.

Hakukuwa na kijana. Walikuwapo washona viatu, wachinjaji, wajane wenye shela nyeusi, wote wamepiga magoti mbele ya picha ya Bikira, wanaimba. Wimbo ni uleule. Ila sasa aliyeunguza moyo ni Bwana Yesu. Dianora alikuwa katikati yao, macho kafumba, mashavu yamelowa.

Baccio alimwinamia mchinjaji mmoja. "Huu si ule wa madirishani?"

"Ndio wenyewe. Padri kabadilisha maneno, sauti kaiacha. Watu tushaijua, nani ana muda wa kujifunza nyingine?"

Mti ukamponyoka Baccio. Alicheka, kisha akaona haya, kisha akalia kidogo, maana siku zote hizo alikuwa amemchukia mke mwema kwa ajili ya wimbo wa kanisani. Uimbaji ulipokwisha alipenya katikati ya watu, akampigia Dianora magoti mbele ya padri na wote.

"Nilikudhania ubaya, mke wangu. Niombe chochote. Naapa mbele ya Mama wa Mungu, sitakunyima."

Dianora alimtazama sana. Rangi ikamrudia usoni, ambayo Baccio alikuwa hajaiona tangu majira ya baridi.

"Chochote?"

"Nimeshaapa, Dianora. Sema."

"Padri anasema mke wa mtu hapokelewi kwenye nyumba ya watawa mpaka mumewe amruhusu." Aliishika mikono ile ya buluu kwa upole. "Niruhusu, Baccio. Aliyeuunguza moyo wangu ananingoja."