Kuku Aliyelipwa Kabla ya Kutaga

Kuku mmoja mwenye majivuno alipokea gunia la mtama kutoka kwa Nguchiro, malipo ya mapema ya mayai ya mwaka mzima. Kabla hajataga hata moja, akajitangaza tajiri.

"Hayo si mapato, shoga," Kanga akamwonya. "Mpaka utage, mtama huo bado ni wa Nguchiro."

"Umeshaingia ghalani kwangu, ni wangu. Una kijicho tu wewe!"

Mpumbavu yule akala asubuhi hadi jioni, akanenepa hata mayai yakagoma kutoka.

Nguchiro akaja. "Mayai yangu?"

"Sina."

"Basi nirudishie mtama."

"Nimeshaumaliza wote."

Nguchiro akalitazama lile tumbo lililotuna. "Haujaenda mbali," akasema, akamkamata shingo.