Daraja la Kwanza

Lugembe alipiga meza kwa kiganja, simu ya Mwanne ikaruka. Alitaka kujua ni mjinga gani aliyepanga safari ndefu namna ile, kutoka Madrid hadi Vigo, na mtu ana mkutano wa wanunuzi wa tumbaku kesho yake.

Mjinga hakuwepo. Ndiyo kwanza Mwanne alikuwa anatafuta tiketi za treni za Hispania kwenye simu, sebuleni kwao Tabora, mumewe kamsimamia kichwani. Mwanne hasira zilikuwa zimemjaa. Miaka kumi na moja ya kufokewa, jamani, na bado kila siku inauma upya.

Jambo moja tu alilitaka katika safari hiyo: kumfikia dada yake Zabibu, mpishi wa hoteli huko huko Hispania, mji wa Coruña. Miaka sita hawajaonana. Zabibu alishamwambia kuna chumba, hata akitaka kukaa moja kwa moja. Lakini Zabibu huyo ndiye aliyewahi kumwambia Lugembe usoni kwamba mwanamume anayempiga mkewe si mwanamume. Tangu hapo jina lake halitajwi ndani ya nyumba ile.

“Vigo, mkutano, nyumbani,” alisema Lugembe. “Coruña usiitaje tena.”

Mwanne hakuitaja. Aliendelea kubofya. Simu ikakwama, akarudia, na mzee akapata pa kumshikia.

“Binti mzima wa Shilinde! Baba yako kafa anakata mabehewa pale stesheni, haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, na wewe tiketi moja ya treni inakushinda?”

Kumgusia baba yake, hapo alimfika pabaya.

Halafu yakaja masharti. Yeye akatiwe daraja la kwanza, behewa la mbele. Mke akae huko nyuma na vikapu vyake. Yeye hawezi kunusa visheti vya mkewe safari nzima.

“Tutakuwa mabehewa mbalimbali,” alisema Mwanne.

“Ndicho ninachotaka. Na pasi yako ya kusafiria ubebe mwenyewe, mimi si mpagazi wako.”

Lugembe akainama tena kwenye simu, akaona treni inasimama mahali panaitwa Ourense dakika kumi na mbili nzima. Za nini? Mwanne akajibu labda ni mambo yao ya ufundi. Lugembe akasonya.

Tiketi zilichapishwa mchana ule ule. Lugembe aliipokonya ya kwake, akaisoma herufi kwa herufi akitafuta kosa: jina, tarehe, behewa la kwanza, dirishani, Vigo. Kosa hakuliona, na hilo likamuudhi zaidi. Ya Mwanne hakuomba hata kuiona. Akaikunja ya kwake mfukoni, akaenda Urambo kwenye tumbaku zake, mlango akaubamiza.

Mwanne aliketi mpaka mlio wa gari ulipopotea. Kisha akamwandikia Zabibu.

“Dada, treni wanaikata Ourense, kama baba alivyokuwa akifanya. Mabehewa ya mbele yanakwenda Vigo. Mimi niko kwenye ya nyuma, yanayokuja kwako. Tandika kitanda.”