Injini Imekataa Kufa

Baba yake alimpa Wakoli pikipiki badala ya shamba. “Injini ikikufa, rudi Ndalu nikukatie ekari yako.”

Miaka kumi na mbili sasa Wakoli anabeba watu Kitale, mgongo umepinda, anaota mahindi yake. Lakini kubadilisha oili hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Leo, kwenye gereji ya fundi, ameshamwaga oili ya zamani na kukaza nati.

“Hii injini itakuzika, bana,” fundi akacheka.

Wakoli akaweka chupa ya oili mpya chini bila kuifungua, akapiga kiki. Ikashika mara moja. Akavuta mafuta, injini ikanguruma.

“We Wakoli! Si oili bado hujaweka!” fundi akapaza sauti.

Ndani chuma kikaanza kulia kama mbuzi wa kamba fupi.

Akazima. Vidole vyake vikafungua chupa.